Mume Nje, Mke Ndani: Mhadhara Kuhusu Sumu, Karantini na Mlango wa Nyumba

Mheshimiwa mwenyekiti, masheikh na wachungaji, wenyeviti wa mitaa, wauguzi, walimu, na vijana mliojaza viti vya nyuma, asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa ndugu zangu Waha, mwakeye. Nimefanya kazi ya ubwana afya kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa ya miaka hiyo hapa hapa Kigoma, na leo nimekuja kusahihisha jibu moja ambalo nililitoa vibaya.

Nililitoa katika mkutano wa mtaa kule Kibirizi, karibu na mwalo, mahali ambapo msemaji hulazimika kupaza sauti juu ya kelele za injini za maboti na za kunguru wanaovizia dagaa walioanikwa. Tulikuwa tukieleza majanga ya mjini, yaani moto, mafuriko na ajali za kemikali. Mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga ameifunga kiunoni na magamba ya samaki yamemkaukia mikononi, alinyoosha mkono akauliza: "Bwana afya, mume wangu ni mvuvi, hutoka jioni na kurudi alfajiri. Ikiwa sumu imemwagika mjini usiku, mimi nimejifungia ndani na watoto kama mnavyotuambia, naye akarudi imemtapakaa, akagonga mlango, nimfungulie au nisimfungulie?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu asiye na shaka: "Usimfungulie. Akae nje mpaka wataalamu wafike." Watu walinyamaza. Yule mama alinitazama kidogo, akasema "haya", na mkutano ukaendelea na habari ya taka.

Ile "haya" nimekwenda nayo nyumbani, na imekaa nami muda mrefu, kwa sababu kadiri nilivyosoma habari za miji iliyowahi kupatwa na jambo hilo ndivyo nilivyozidi kuona kwamba nilikuwa nimechukua adabu ya maradhi nikaipeleka kwenye sumu, na kwamba mama yule angenisikiliza huenda angemwacha mumewe afe kizingitini bila faida yoyote kwa watoto waliokuwamo ndani.

Niruhusuni nianze na adabu yenyewe ya maradhi, maana ni adabu kongwe na nzuri, na sisi watu wa Pwani na wa Ziwa tunaijua vizuri kuliko tunavyodhani. Masheikh waliopo wanaikumbuka tauni ya Amwas, mwaka wa 18 wa Hijria, pale khalifa Sayyidna Omar alipofika Sargh akielekea Sham, yaani upande wa Syria, akaambiwa kuwa tauni imeingia huko, akaamua kurudi Madina. Abdurrahman bin Auf akamthibitishia kwa hadithi ya Mtume kwamba mkisikia tauni imeingia katika nchi msiiendee, na ikitokea katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Abu Ubaida, aliyekuwa na jeshi Sham, alibaki huko na huko akafariki. Ulaya wakaja kulifanya jambo hilo kuwa sheria ya bandari: bandari ya Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik, mwaka 1377 iliweka siku thelathini za kuwatenga wasafiri, kisha siku zikawa arobaini, na katika hiyo arobaini ya Kiitaliano ndimo tulimopata neno letu karantini. Zanzibar, majengo yaliyojengwa mwaka 1893 katika kisiwa cha Changuu kwa nia ya kuwa gereza yaliishia kuwa kituo cha karantini cha abiria wa majini. Na juzi tu, Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera, waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21.

Tazameni kitu kimoja kinachorudi katika mifano hiyo yote: kila mahali pana hesabu. Thelathini, arobaini, ishirini na moja. Kidudu cha maradhi huingia mwilini kikajificha, kikazaliana, na baada ya muda unaojulikana ama kinajitokeza ama hakipo, kwa hiyo anayetenganishwa na mwenzake ana siku ya kuitazamia.

Mimi mwenyewe niliionja hesabu hiyo mwaka 2015. Wengi wenu mnaikumbuka Mei ya mwaka ule, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, wakafika zaidi ya elfu hamsini, na meli yetu ya Liemba ikawa inatia nanga mbali kidogo huku mitumbwi ikiwapeleka watu melini, ili waletwe hapa mjini katika uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kiliingia. Wagonjwa walifikia kama elfu tatu na waliofariki walizidi thelathini. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakitia klorini kwenye maji na kunyunyizia vyoo, na kwa kuwa nyumbani tulikuwa na mjukuu mchanga, niliamua kulala kwenye chumba cha kupanga karibu na kazi, nisirudi mpaka zipite siku tano tangu kumgusa mgonjwa wa mwisho, kwa sababu kipindupindu kikikuingia hakichukui zaidi ya siku tano kujionyesha.

Mke wangu alikuwa akileta chakula jioni. Aliweka hotipoti juu ya jiwe lililokuwa upande wa pili wa barabara, akarudi nyuma hatua kumi, nami nikavuka kuichukua. Tulizungumza kwa sauti ya juu kama wavuvi wanavyoitana majini, bodaboda zikipita katikati yetu. Kila jioni swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Leo ni ya ngapi?" Nikamjibu ya pili, ya tatu. Siku moja nilimgusa mgonjwa mwingine, hesabu ikaanza upya, nikamwambia ni ya kwanza tena. Aliguna, akaokota hotipoti ya jana, akaondoka bila kuaga. Lakini kesho yake alikuja, na swali lilikuwa lile lile.

Sasa tuje kwenye sumu. Sumu haizaliani. Vidudu vya kipindupindu vilivyoingia mwilini jioni vinaweza kuwa vimeongezeka maelfu kwa maelfu asubuhi, bali sumu iliyomwangukia mtu jioni asubuhi ni ile ile au imepungua. Swali la kujiuliza, basi, ni iko wapi. Ikiwa ameivuta ikaingia mapafuni, imo ndani yake, inamdhuru yeye, na kwa gesi nyingi hawezi kumwambukiza mkewe kama anavyoambukizwa mafua. Ikiwa iko nguoni, nyweleni na kwenye ngozi, hapo anaweza kumdhuru mkewe na watoto, lakini nguo huvuliwa na ngozi huoshwa. Wanaofundisha kazi ya dharura husema kwamba kuvua nguo peke yake, kabla hata ya maji, huondoa sehemu kubwa ya uchafu, na mara nyingi hutaja asilimia themanini au zaidi. Kwa hiyo utengano ambao mimi niliuweka "mpaka wataalamu wafike", mara nyingi ungepaswa kuwa wa robo saa.

Ushahidi wa kwamba robo saa hiyo ina maana uko Tokyo. Tarehe 20 Machi 1995 watu wa kundi moja la kidini walitoa gesi ya sarini ndani ya treni za chini ya ardhi. Hospitali moja ya jirani ilipokea zaidi ya watu mia sita siku hiyo, ikawaingiza wodini na nguo zao, na wahudumu wake zaidi ya mia moja wakapata dalili, macho yakiwauma na kuona giza, kwa mvuke uliotoka katika nguo za wagonjwa. Hawakufanya hivyo kwa uzembe, kwani saa za mwanzo hakuna aliyewaambia ni sumu gani. Wangewavua watu wale mlangoni, idadi hiyo ingepungua sana. Na wangewafungia mlango, watu wangekufa barabarani. Kati ya kufungua na kufunga palikuwa na jambo la tatu, nalo ni la ndoo, mkasi na sabuni.

Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, hata mlango wenyewe haukusaidia. Maji yaliingia katika tangi la kemikali iitwayo methili aisosayaneti kwenye kiwanda cha viuatilifu, joto likapanda, na tani zipatazo arobaini za sumu zikatoka juu ya vitongoji vya watu maskini waliokuwa wamelala. Hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa vifo 2,259, baadaye serikali ya jimbo ikakiri 3,787, na waliopatwa na gesi walizidi laki tano. Watu waliamka macho yakiwaka, wakatoka mbio gizani, wengi wakikimbia kuelekea upepo unakokwenda, yaani pamoja na sumu, na kila aliyekimbia alihema zaidi na kuvuta zaidi. Mume alishika mtoto mmoja, mke mwingine, na katika msongamano wakapoteana. Kitambaa kilichoroweshwa maji kingewasaidia wengi, lakini hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia. Madaktari walipouliza ni gesi gani, walijibiwa kwamba ni kama ya kutoa machozi.

Gesi ile ya Bhopal ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili, na klorini ambayo sisi tunaitumia kutibu maji ni nzito karibu mara mbili na nusu. Ndugu zetu wa Goma wana neno lao la Kiswahili kwa hewa ya ukaa inayotuama mabondeni ikaua mbuzi na watoto: wanaiita mazuku. Sielewi kwa nini sisi huku kusini hatujaliazima, maana lingetuokoa maelezo marefu. Kwenye ziwa Nyos, Kamerun, Agosti 1986, hewa ya aina hiyo ilitoka ziwani ikaua watu 1,746, wengi wakiwa usingizini katika maeneo ya chini, na waliolala juu zaidi mlimani waliamka salama. (Kabla hamjaniuliza, na huwa naulizwa: maziwa yanayojulikana kujaa gesi kwa namna hiyo ni Nyos, Monoun na Kivu. La kwetu halimo.)

Nimesema sumu nyingi huondoka kwa kuoshwa. Haki inanitaka niseme pia kuna zisizoondoka, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kisa chenyewe ni cha mume na mke.

Katika mji wa Goiânia, Brazil, Septemba 1987, vijana wawili waliingia katika jengo la kliniki lililotelekezwa, wakang'oa chuma cha mashine ya mionzi, wakakiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Usiku mnunuzi aliona kitu kinang'aa buluu ndani ya kile chuma. Akakipeleka nyumbani, akawaita jamaa na majirani waje kuona, akawagawia vipande vidogo kama punje za mchele, na nduguye akapeleka unga wake kwake, ambako binti yake wa miaka sita aliuchezea, kisha akala kwa mikono ile ile. Ulikuwa ni siziamu 137, yaani kitu kinachotoa mionzi ya hatari. Mke wa mwenye vyuma alianza kutapika. Akaona na wengine pale nyumbani wanaugua kwa namna moja, akatafakari, na ni yeye, mwanamke asiye na kipimo wala cheti, aliyesema kwamba ugonjwa unatoka kwenye kile kitu. Tarehe 28 Septemba, yeye na mfanyakazi mmoja wa mumewe walikitia kwenye mfuko, wakapanda nacho basi la abiria, wakakipeleka ofisi ya afya ya mji. Kesho yake mtaalamu wa fizikia alikuja na kipimo, na mji mzima ukajua.

Watu wapatao 112,000 walipimwa, wengi uwanjani, wakakutwa 249 wenye uchafu wa mionzi. Waliozidiwa walipelekwa katika hospitali ya jeshi la majini Rio de Janeiro. Kwa wagonjwa hawa utengano ulikuwa wa haki na wa muda mrefu, kwa sababu siziamu iliyomezwa hutoka kwa jasho na mkojo, hivyo shuka, sahani na mkono wa mgonjwa vyote vilihitaji tahadhari. Mwanamke yule alifariki tarehe 23 Oktoba, siku moja na yule binti. Mumewe, ambaye mwili wake ulikadiriwa kupata mionzi mingi kuliko wake, alipona, akaishi miaka saba zaidi. Nimefikiri mara nyingi juu ya mwanamume huyo, aliyekileta kitu nyumbani kwa mapenzi ya kuwaonyesha watu wake kitu kizuri. Binti alipozikwa, umati ulikusanyika makaburini ukapinga asizikwe hapo, mawe yakarushwa, ingawa jeneza lilikuwa limewekewa madini ya risasi ya kuzuia mionzi. Na wakazi wa mji ule, hata wale ambao hawakuguswa kabisa, walikataliwa hotelini kwingine nchini mpaka waonyeshe karatasi kwamba wamepimwa.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba nasema mlango usifungwe kamwe. Nasema anayeamuru ufungwe aseme ni kwa sumu gani na kwa siku ngapi, na siku hizo ziwe za kweli. Seveso, Italia, wingu la sumu iitwayo dioksini lilitoka kiwandani Jumamosi tarehe 10 Julai 1976, na watu wa eneo lililoathirika zaidi wakaachwa majumbani mwao kwa wiki kama mbili ndipo wakahamishwa. Pripyat, Ukraine, baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka mwaka 1986, kosa lilikuwa la upande wa pili: watu karibu elfu hamsini waliambiwa wabebe vitu vya siku tatu. Mji huo hauna wakazi hadi leo.

Sisi ni watu wa kuvumilia utengano wenye hesabu. Mzazi hukaa arobaini yake. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na nimeona wanawake wa Ujiji wakiikamilisha kwa utulivu ambao mimi nisingeuweza, kwa sababu siku ya kutoka inajulikana na kila mtu mtaani anaijua. Mpe mtu kama huyo kamba ya njano iliyofungwa kwenye miti miwili na askari asiyejua lolote, umwambie mumewe yuko upande wa pili na subiri, ataivuka kamba hiyo usiku, na mimi sitamlaumu. Wenyeviti wa mitaa, yakitokea, Mungu apishe mbali, wekeni mtu mmoja kwenye kamba mwenye daftari la majina na simu yenye chaji, na kazi yake iwe moja tu, kujibu nani yuko upande gani na hesabu ni ya ngapi. Hakuna kazi ya bei rahisi kama hiyo, na ndiyo ya kwanza kusahaulika.

Nirudi Kibirizi, kwa yule mama na mlango wake. Nyumba zetu ni za matofali ya kuchoma na bati, juu ya dirisha tumeweka matofali ya matundu ili tupate hewa, na kati ya ukuta na paa pana nafasi ya kupitisha mkono. Kuziba nyumba ya namna hiyo ni kazi ngumu. Ukiwa na nafasi ya kuondoka, ondoka kwa kukata upepo ubavuni, kisha panda juu, na kwa bahati mji huu haukosi mlima. Ukishindwa, chagua chumba kimoja, ziba matundu kwa vitambaa vilivyoloweshwa, na wingu likishapita ufungue kila kitu, kwa sababu gesi iliyojipenyeza ndani hubaki ndani wakati nje hewa imeshasafika. Hapo ndipo nilipokosea zaidi. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Ikiwa sumu imemwagika alasiri ikaingia majumbani, na mvuvi alikuwa mbali majini na taa zake usiku kucha, basi alfajiri anapogonga mlango huenda yeye ndiye msafi kuliko watu wote wa Kibirizi, na nyumba ndiyo yenye sumu. Jibu sahihi lingekuwa mke atoke.

Na ikiwa kweli ndiye aliyetapakaa, asiachwe nje akisubiri gari. Mke azungumze naye dirishani. Mume aende nyuma ya nyumba, kama ni unga mkavu aukung'ute kwanza bila kuuvuta, avue nguo zote, shati alikate kwa mkasi asilivue kwa kupitisha usoni, azitie kwenye mfuko aufunge, ajimwagie maji mengi na sabuni kuanzia kichwani kushuka chini, macho ayaoshe kwa maji matupu, kisha avae msuli safi aliowekewa kwenye kamba. Akiwa anahema kwa shida, ni hospitali moja kwa moja, na wauguzi waambiwe ameoshwa. Vinginevyo aingie kwake.

Mwezi uliopita nilikwenda mwalo wa Kibirizi kumtafuta yule mama. Nilimkuta anaanua dagaa kabla mvua haijanyesha, nikamsaidia kukunja wavu wa kuanikia, nikamweleza yote haya kama nilivyowaeleza ninyi, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mikono. Kisha akasema, "Bwana afya, mbona siku ile ile nilishajua nitamfungulia. Nilisema haya kwa heshima tu." Akaniuliza ule mkasi uwe wa aina gani.

Mheshimiwa mwenyekiti, naona mikono imeshaanza kuinuka. Nianze na yule kijana wa nyuma.